Kabla hujamwambia profesa afungue akaunti

Kila inapokaribia Februari 11, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, vyuo vyetu huuliza mbona watafiti wanawake hawaonekani mtandaoni. Jibu huwa lilelile: wajitangaze. Wafungue akaunti, wapige picha maabara, wajirekodi wakielezea tafiti zao. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, ninayetunza kumbukumbu za kidijitali za machapisho ya wahadhiri, na ushauri huo siukubali. Mtu anayefundisha mchana na kuandika maombi ya fedha za utafiti usiku hahitaji kuongezewa kazi ya kujinadi. Sisi tunaotunza kumbukumbu, pamoja na maofisa uhusiano na waandishi wa habari, ndio wenye uwezo mkubwa wa kumfanya aonekane.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo kazi za wanawake huanza kupotea. Mchukue Mwele Malecela, bingwa wa utafiti wa matende na mabusha. Aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kuanzia 2010 hadi 2016, kisha akawa mkurugenzi katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki Februari 2022. Wengi walimjua kama Mwele, lakini jina lake kamili ni Mwelecele Ntuli Malecela. Kwenye majarida ya kisayansi utamkuta kama Malecela MN, na kwingine kama Malecela-Lazaro. Wewe na mimi tunajua ni mtu yuleyule. Mtambo wa kutafutia haujui, unaweza kumgawa watu wawili au watatu, na kila mmoja wao akaonekana amefanya kazi kidogo. Wanaume wengi hustaafu na jina walilochapishia makala yao ya kwanza. Mwanamke anaweza kuolewa katikati ya shahada ya uzamivu, akabadili jina, na machapisho yake ya nyuma yakabaki yatima.

Dawa ipo na haina gharama. Namba ya ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti chenye tarakimu 16, hutolewa bure na ina nafasi ya kuandika majina yote ambayo mtafiti amewahi kutumia. Hiyo lazima ajisajili mwenyewe, ila mkutubi anaweza kukaa naye wakaimaliza kabla chai haijapoa. Wikidata ni tofauti: ni hazina huria ya data ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza, hata kwa ajili ya mwanasayansi aliyekwisha kufariki. Unaweka jina kuu, majina mengine, mahali alipofanya kazi, machapisho yake, na chanzo cha kila taarifa.

Chanzo ndicho kinachotukwamisha zaidi. Oktoba 2, 2018, Donna Strickland wa Kanada alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Fizikia, mwanamke wa tatu katika historia ya tuzo hiyo baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Asubuhi hiyo hakuwa na makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Gérard Mourou, aliyeshirikiana naye kwenye kazi ileile ya mwaka 1985 ya kuongeza nguvu ya mwanga wa leza, alikuwa nayo tangu zamani. Mtu alikuwa ameandika rasimu kumhusu Strickland, ikakataliwa Mei mwaka huohuo kwa kukosa vyanzo huru, yaani maandishi ya watu wasio na uhusiano naye. Wengi walimlaumu mhariri aliyeikataa. Mimi naona mhariri alifuata kanuni, na kilichokosekana kilikosekana miaka mingi kabla hajaiona rasimu ile: karibu hakuna aliyekuwa amemwandika mama yule.

Sasa rudi kwetu, usome habari yoyote ya uzinduzi wa mradi wa utafiti. Kichwa cha habari ni mgeni rasmi. Aya ya kwanza ni mgeni rasmi, ya pili ni nasaha zake, ya tatu ni mkuu wa chuo akimshukuru mgeni rasmi. Mtafiti aliyeandika andiko la mradi na kukusanya sampuli vijijini anatokea mwishoni kama "Dkt. Neema", bila jina la pili, bila kusema anachunguza nini. Habari kama hiyo haiwezi kuwa chanzo cha kitu chochote. Maofisa uhusiano, nawaomba jambo moja: jina kamili kama linavyoandikwa kwenye machapisho, fani, na sentensi mbili za alichogundua. Waziri hatapungukiwa kitu.

Picha nayo ina utaratibu wake. Haki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa, kwa hiyo mpiga picha au mwajiri wake ndiye anayepaswa kuitoa kwa leseni huria, yaani ruhusa ya wengine kuitumia, kabla haijawekwa Wikimedia Commons, ghala la picha la Wikipedia. Mkubaliane mapema.

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wasifu mwingi wa wanasayansi bado ni mbegu, yaani makala changa ya mistari mitatu. Tunapoikuza, tusiishie kwenye ukurasa wa mtu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hatafuti "Julie Makani". Anatafuta "selimundu" (sikoseli), kwa sababu mdogo wake anaumwa. Makani, daktari na mtafiti wa Muhimbili, alipata tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa utafiti wa ugonjwa huo. Jina lake likiwa ndani ya makala ya selimundu, kwenye sehemu inayohusu utafiti Tanzania, mwanafunzi yule atakutana naye bila hata kukusudia. Vivyo hivyo Faith Osier wa Kenya kwenye makala ya kinga ya malaria.

Kwa wanaoishi, fuateni kanuni za wasifu: mtaa anaokaa, watoto na namba ya simu havihusiki. Mwanamke akionekana mtandaoni huvuta pia matusi, na wengine wana sababu nzuri ya kutotaka picha. Muulizeni kwanza, na akikataa picha, andikeni kazi yake.