Mbwa wa Zamu: Kumfasiri Milo kwa Kiswahili

Katika miaka yangu ya kufasiri vitabu vya watoto, hakuna kilichonitoa jasho kama The Phantom Tollbooth cha Norton Juster, msanifu majengo wa Marekani, kilichotoka mwaka 1961. Milo, mvulana anayechoshwa na kila kitu, anakuta kibanda cha ushuru wa barabara chumbani mwake. Anakipita kwa kigari chake na kuingia nchi ambako nahau zina mwili.

Huko anakutana na Tock, mbwa mwenye mwili wa saa kubwa ya kengele. Mchezo wote umo katika neno moja la Kiingereza, watch: ni saa, na ni kulinda pia. Nikiandika "mbwa mlinzi", ile saa tumboni inakosa sababu. Nilihangaika siku nyingi, hadi nikakumbuka zamu. Askari wa zamu analinda, tena kwa saa zake. Basi Tock wangu ni mbwa wa zamu.

Karamu ya Azaz, mfalme wa mji wa maneno, haikunisumbua hivyo. Kila mgeni anahutubia, kisha anapakuliwa maneno yale yale aliyoyasema ili ayale, kama nahau ya Kiingereza isemavyo. Milo, asiyejua hilo, anaanza na utangulizi mrefu mtupu, na ndio anaoletewa mezani. Sisi wenyewe tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara. Kwa meza hiyo, tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno, ya nini?

Wapo wanaosema safari ya Milo ni uzi tu wa kutungia vichekesho vya maneno. Sikubali hata kidogo. Milo anakua ndani ya maneno hayo hayo. Akizubaa bila kuwaza, gari linasimama, akiwaza, linakwenda. Akihitimisha jambo kwa pupa, anarushwa kisiwani, na njia ya kurudi ni kuogelea Bahari ya Maarifa. Hapo pana tukio ninalolipenda kuliko yote: Milo na Tock wanafika ufukweni wamelowa chapachapa, ilhali Humbug, mdudu mwenye majigambo aliyeogelea maji hayo hayo, anatoka mkavu.

Huyo Humbug nimemwita Kidudumtu, kwa kuwa ni mdudu anayevaa koti na kofia kama mtu. Ila kidudumtu wetu ni mchonganishi, na Humbug kosa lake kubwa ni kujifanya anajua. Jina hilo nimeliandika kwa penseli.