Gyarados hahitaji Hydro Pump

Wachezaji wengi wa michezo ya video ya Pokémon wakishapata kiumbe aitwaye Gyarados humfundisha Hydro Pump, wakiamini kiumbe wa maji anastahili shambulio zito la maji. Hapo ndipo wanapompotezea makali. Takwimu yake ya msingi ya Attack (nguvu ya mapigo ya mwili) ni 125. Special Attack (nguvu ya mashambulizi yasiyo ya mwili) ni 60 tu, na Hydro Pump hutegemea hiyo ya pili. Waterfall, shambulio jingine la maji, ina nguvu 80 dhidi ya 110 za mwenzake, lakini hutumia Attack, kwa hiyo huumiza zaidi. Tena Hydro Pump hukosa mara 20 katika kila 100.

Dhana hii ina asili yake: kabla ya matoleo ya Diamond na Pearl ya mwaka 2006, mashambulizi yote ya maji yalihesabiwa kwa Special Attack.

Mpe tabia ya Jolly, inayoongeza Speed (kasi) na kupunguza Special Attack, kisha EV (alama za mafunzo) 252 za Attack na 252 za Speed. Mwingize mbele ya adui anayepiga kwa Attack, maana Intimidate, uwezo wa Gyarados wa kutisha anapoingia, humpunguzia huyo theluthi moja ya Attack yake. Adui akibadilishwa, hiyo ndiyo nafasi ya Dragon Dance, mbinu ya kujiimarisha: Attack na Speed hupanda kwa asilimia 50 kila moja. Zamu inayofuata, Waterfall.

Kinachovuruga mpango mara nyingi ni Will-O-Wisp, mbinu ya adui ya kuunguza, kwani kuungua hukata nusu ya madhara ya Waterfall. Ukiihisi inakuja, anza na Taunt, inayomzuia adui kutumia mbinu zisizopiga. Umeme nao humwumiza mara 4, kwa kuwa ni wa maji na wa kuruka kwa pamoja. Usibahatishe: mtoe, uingize kiumbe wa aina ya ardhi, ambaye umeme haumgusi.