Je, wajua kwa nini wanafunzi hupiga kampeni ili watozwe ada ya uanaharakati?

Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Mombasa, aliyewahi kupanga foleni katika ofisi ya fedha akiomba aruhusiwe kufanya mtihani ilhali hajamaliza karo, hatasadiki upesi kwamba kuna vyuo ambako wanafunzi wenyewe huzunguka madarasani wakiwarai wenzao wakubali kuongezewa ada. Tena ada yenyewe si ya maabara wala ya maktaba, bali ya uanaharakati: kuchunguza mienendo ya serikali na kampuni, kusukuma miswada bungeni, kuwalipa watafiti na mawakili.

Mtindo huo ulishika mizizi Marekani. Mwaka 1970 wakili Ralph Nader, aliyekwisha kujipatia jina kwa kupigania usalama wa magari, aliwahimiza wanafunzi wachange fedha kidogo kidogo kupitia karo, kisha waajiri wataalamu wa kudumu wa kutetea maslahi ya umma. Wanafunzi wa Oregon na Minnesota walitangulia. Walikusanya saini, wakazifikisha kwa wakuu wa vyuo, na kufikia 1971 makundi yao yalikuwa yameanza kazi. Kundi la New York lilianza 1973, na miongoni mwa sheria lililozipigania ni ile ya 1979 iliyoyalazimu mashirika ya mitihani ya kujiunga na vyuo kuwaonyesha watahiniwa maswali na majibu yao.

Sababu kubwa ya kutaka ada badala ya mchango wa hiari ni muda. Tazama kesi ya Owino Uhuru hapa kwetu, mtaa ambao wakazi wake walidhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kiwanda kilifungwa 2014, kesi ikawasilishwa 2016, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, kabla ya shauri kupanda tena ngazi za rufaa. Mwanafunzi aliyeingia chuoni mwaka kesi hiyo ilipoanza angekuwa anaelekea kuvaa joho hukumu ya kwanza ilipotolewa. Viongozi wa wanafunzi nao hawakai: sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa 2016 inawapa kipindi cha mwaka mmoja, na wakichaguliwa tena ni mara moja tu. Kazi ya namna hii haitoki mikononi mwa watu wanaopita, isipokuwa wamemwajiri mtu asiyepita.

Sisi tuna harambee, atasema msomaji, na ni kweli. Lakini harambee hujaa kwa maziko, kwa matibabu na kwa karo ya mtoto wa jirani, kwa kuwa shida inaonekana kwa macho. Ni nani atakayetuma pesa kwa simu kila mwezi ili mtu akae akisoma bajeti ya kaunti ukurasa kwa ukurasa? Hesabu ya ada ni tofauti kabisa. Chukulia chuo chenye wanafunzi 8,000, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa muhula, pesa ya mahamri na mbaazi za asubuhi: kwa mihula miwili zinapatikana shilingi 1,600,000, nazo zinaingia bila mtu kubembelezwa.

Kampeni yenyewe ni kazi ya miguu. Waandaaji huweka meza penye njia ya wengi, humwomba mhadhiri dakika mbili kabla ya kipindi, hukusanya saini hadi zitoshe kuitisha kura ya maoni, kisha huhangaika kuwafikisha watu kwenye kura, kwa sababu vyuo vingi huweka kima cha chini cha wapigakura. Kushinda hakutoshi, kwa maana wasimamizi wa chuo wanaweza bado kukataa kuikusanya ada hiyo.

Ugomvi mkubwa huwa juu ya yule asiyetaka. Mwanafunzi Scott Southworth na wenzake waliushtaki Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako ada za wanafunzi katika mwaka wa masomo wa 1995 hadi 1996 zilikuwa dola 331.50, wakisema kwamba sehemu ya fedha zao inayapa nguvu makundi wasiyokubaliana nayo. Mwaka 2000 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba chuo kinaweza kutoza ada hiyo mradi kisipendelee maoni ya upande wowote katika kugawa fedha. Hata hivyo, ilitilia shaka utaratibu wa kura ya maoni wa kulitengea kundi fulani fedha, kwa hoja kwamba wingi wa kura hauwezi kuchukua nafasi ya kutopendelea. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa jambo hili: kura ambayo wanaharakati huihangaikia usiku na mchana ndiyo iliyoonekana dhaifu mbele ya sheria, ilhali chungu cha pamoja kinachogawiwa kwa usawa kilipita salama. Katika jimbo la Ontario, Kanada, serikali iliamuru mwaka 2019 kwamba wanafunzi waruhusiwe kujitoa katika ada kadhaa, na mahakama ikaibatilisha amri hiyo mwaka huohuo.

Makomredi wa Mombasa wakitaka kujaribu, watakutana kwanza na Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kenya, kinachokataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Njia iliyotumiwa na makundi mengi ya Marekani ni kurudisha fedha kwa anayeomba, au kuweka kisanduku kwenye fomu ya usajili. Kisanduku hicho ni kidogo lakini kina uzito: ikiwa mwanafunzi hutia alama ili akatae, wengi hupita bila kukigusa na fedha huingia, ikiwa hutia alama ili akubali, wengi hupita vilevile, na mfuko hubaki mtupu. Kwa sababu hiyo waandaaji wazoefu hubishania maneno ya fomu kabla ya kufika kwenye kiasi cha ada.