Je, wajua Binti wa angani ni binti wa nani?

"Ami, huyu Binti ni binti wa nani?"

Aliniuliza mtoto wa ndugu yangu, mwenye miaka kumi, tumekaa barazani Kibokoni, Mombasa, baada ya alasiri na kitabu kiko magotini mwangu. Swali la haki. Kwetu neno binti halikai peke yake, hungoja jina la baba. Mshairi mkubwa wa Pate alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, na hata leo nikaha ikisomwa tunasikia fulani binti fulani. Sasa hapa pana kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 2015, msichana wake anaitwa Binti, jina la kitabu pia ni *Binti*, naye ametoroka kwao usiku kwenda kusoma chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine.

Huyu si wa pwani yetu. Ni Mhimba, katika watu wa kaskazini mwa Namibia ambao wanawake wao hujipaka ngozi na nywele udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Jina ni letu, udongo ni wa Namibia, na mtunzi ni Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Cincinnati, Marekani, tarehe 8 Aprili 1974. Wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria waliokwenda huko kusoma, na vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 vikawafungia njia ya kurudi.

Hapo mwanzo Okorafor hakuwa mtu wa kalamu. Alicheza tenisi, alikimbia, na alitamani awe mtaalamu wa wadudu. Tatizo lilikuwa mgongo. Alipokuwa na miaka 13 iligundulika kwamba uti wake unapinda kwenda upande, na kupinda huko kukazidi jinsi alivyokua. Akiwa na miaka 19, mwanafunzi wa chuo kikuu, alifanyiwa upasuaji wa kuunyoosha. Alipozinduka, miguu haikumtii. Alikuwa amepooza kuanzia kiunoni kushuka.

Kila nikifika hapa husimama kidogo, maana ndipo mahali ambapo maisha yake yaligeuka. Mtu aliyezoea kukimbia amelazwa, hawezi hata kujigeuza atakavyo, na mkononi ana kitabu cha Isaac Asimov, yule mtunzi mashuhuri wa hadithi za roboti. Akaanza kuandika visa vyake mwenyewe pambizoni mwa kurasa za kitabu hicho, kwenye ule weupe mwembamba uliobaki kando ya maneno ya mwenzake. Baadaye alijifunza kutembea upya kwa mazoezi makali, lakini michezo ya mashindano hakuirudia. Alichukua somo la utunzi, akaendelea nalo hadi akapata shahada ya uzamivu katika Kiingereza, Chicago.

Riwaya yake ya kwanza, *Zahrah the Windseeker*, ilitoka mwaka 2005, na hii aliwaandikia watoto hasa. Zahrah ana miaka 13. Amezaliwa na nywele zilizosokotana zenyewe, ambazo Nigeria huziita dada (msichanganye na dada yetu wa tumbo moja), na ndani ya nywele hizo mna mimea itambaayo. Katika nchi yake kompyuta haitengenezwi kiwandani, huoteshwa kutokana na mbegu. Na Zahrah anagundua kwamba anaweza kuruka na upepo. Sidhani ni bahati kwamba aliyelala bila miguu akaja kuandika juu ya mtoto anayeruka. Watoto wa Mji wa Kale wanaorusha tiara juu ya mapaa wakati wa kaskazi wangemwelewa Zahrah kabla hata ya kufunua kitabu. Mwaka 2008 riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Wole Soyinka ya fasihi ya Afrika. *Binti* nayo ilishinda Hugo na Nebula mwaka 2016, tuzo kubwa kabisa za bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi. Lakini mzazi ajue mapema: *Binti* ina mauaji ya kutisha ndani ya chombo cha angani, na mimi kurasa hizo niliziruka. Kwa wadogo zaidi yuko kuku mkubwa ajabu wa *Chicken in the Kitchen*, kitabu cha picha cha mwaka 2015.

Sasa, binti wa nani? Jibu Okorafor alilitoa karibu na sisi, Arusha, mwezi Agosti 2017, kwenye mkutano wa hotuba uitwao TEDGlobal. Alieleza kwamba utotoni hakusoma sana bunilizi za kisayansi, kwa sababu hakumwona humo mtu wa kufanana naye. Hadithi zake, alisema, zina mababu wengine, nao ni wa Kiafrika. Zilichipuka katika safari za Nigeria, alipoona simu na vyombo vipya vikiingia mahali ambapo mila za kale bado zina nguvu. Akatoa mfano wa pweza: ana akili sana kama binadamu, ila akili yake imekua kwa nasaba nyingine kabisa. Mfano huo hapa Mombasa hauhitaji maelezo. Anayevua pweza kwenye miamba anajua ujanja wa yule mnyama wa kujificha na kuponyoka.

Ndiyo maana Binti hatoki na bunduki ya miali. Yeye na baba yake ni mafundi wa astrolabu, chombo kile cha shaba ambacho wanazuoni wa Kiislamu walikitumia kupima kimo cha nyota. Hadithini chombo hicho kimekuwa simu na kitambulisho, na humo maisha yote ya mtu yamehifadhiwa. Udongo wa kwao amebeba pia, kwenye chupa, nao unasaidia kumwokoa.

Viumbe wanaokivamia chombo chake cha safari wanaitwa Meduse, wakubwa, laini, wanaoangaza, wenye mwiba wa sumu. Nikamwonyesha mtoto ukurasa wa tabaruku, maana kitabu kizima kimetabarukiwa kiwavi wa baharini, mdogo wa buluu, ambaye mtunzi alimwona akiogelea siku ya jua kwenye wangwa wa Khalid, Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Ni kiwavi huyuhuyu wetu, ambaye wengine humwita konyeza.

Mtoto akanyamaza. Kisha akainua dera lake kidogo, akanionyesha alama ya mwaka jana ya pale Nyali, alipowashwa akatoka majini analia.

"Ami," akasema, "kumbe ni huyu?"