Kijana Hodari wa Hisabati na Mtihani wa Ziada

Kila matokeo ya mwisho wa mwaka yanapotoka, wazazi kadhaa hunijia na swali lile lile. Mtoto wao yuko kidato cha pili au cha tatu, hesabu za darasani zimekuwa nyepesi mno kwake, na wamesikia kuwa upo mtihani wa bodi ya mitihani ya Cambridge ya Uingereza uitwao Hisabati ya Ziada ambao vijana wa umri wake huufanya. Je, wamsajili aufanye sambamba na masomo yake ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda? Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari hapa Uganda, kidato cha kwanza hadi cha sita, na kwa wengi wao jibu langu ni kwamba mtoto anahitaji hisabati zaidi ya ile tunayompa, lakini hahitaji cheti hicho. Kwa kuwa jibu la namna hii haliwezi kueleweka kwa kuambiwa mlangoni, nimeona niliandike kwa kirefu.

Sina ugomvi na mtihani wenyewe. Umetungwa vizuri, na yaliyomo ni hisabati ya kweli: funsheni, polinomia na vigawo vyake, logariti, trigonometria, mipangilio na michaguo, vekta, na mwanzo wa kalkulasi. Tena, yeyote aliyewahi kufundisha kidato cha tano anajua kwamba ngazi inayovunja watoto wengi ni ile ya kutoka kidato cha nne kwenda cha tano. Mtoto anaweza kupata daraja la juu kabisa kidato cha nne kwa kutegemea seti, takwimu, matriki za mbili kwa mbili na michoro ya kupima pembe, huku aljebra yake ikichechemea. Akijiunga na kombinesheni (kundi la masomo makuu matatu ya kidato cha tano na sita) ya fizikia, kemia na hisabati, au ile ya fizikia, uchumi na hisabati, anakutana na logariti, mizizi na polinomia katika majuma ya kwanza, na mwalimu hasubiri. Aliyekwisha kuzishika mada hizo mapema hupanda ngazi ile bila kutetereka. Hiyo ndiyo faida kubwa, nami siipuuzi. Ila hutoka katika kuzisoma mada hizo, na mtoto anaweza kuzisoma bila kulipia ada ya mtihani wala kukimbizana na ratiba mbili.

Kuhusu uzito wa cheti, wazazi wengi hudhani kitamwongezea mtoto nafasi ya kudahiliwa chuo kikuu hapa nchini, na hesabu zenyewe zinasema vingine. Katika udahili wa vyuo vikuu vya umma, Makerere kikiwemo, masomo makuu ya kidato cha sita hupewa uzito kulingana na kozi inayoombwa, na somo ambalo ni la lazima kwa kozi hiyo huzidishwa kwa 3. Daraja A la somo kuu lina pointi 6, na daraja B lina pointi 5. Kwa anayeomba uhandisi, ambako hisabati na fizikia ndizo masomo ya lazima, tofauti kati ya A na B katika hisabati peke yake ni pointi 3 nzima. Matokeo ya kidato cha nne, kwa utaratibu uliotumika miaka mingi kabla ya mtaala mpya kufikia mtihani wake wa kwanza mwaka 2024, yaliongeza pointi 0.3 tu kwa kila somo lililofaulu kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa maneno mengine, hata pale ambapo somo la ziada lilihesabiwa, thamani yake ilikuwa sehemu moja ya kumi ya kile ambacho mtoto angepoteza kwa kuteleza daraja moja la hisabati kidato cha sita. Saa za jioni za mtoto hazina mwisho kwenye ndoto za mzazi, lakini zina mwisho kwenye saa ya ukutani, na ni afadhali zitumike pale zinapolipa.

Lipo jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia likisemwa katika mazungumzo haya, nalo ndilo linalonisukuma zaidi. Wazo la kumwongezea kijana hodari cheti cha pili cha hisabati lina mizizi Uingereza, na kule lina sababu yake. Katika silabasi zao zilizoanza mwaka 2017, mwanafunzi wa Uingereza anayesoma hisabati ya kawaida ya A-level, ngazi iliyo sawa na kidato chetu cha tano na sita, hakutani na namba changamano, wala uthibitisho kwa njia ya induksheni, wala mfululizo wa Maclaurin. Mambo hayo yamewekwa katika somo la pili, Further Mathematics, kwa hiyo anayetaka hisabati nzito hana budi kulichukua. Sasa tazama silabasi ya somo kuu la hisabati ambayo mimi na wenzangu tumeifundisha kwa miaka mingi kwa ajili ya UNEB. Mtihani wake ulikuwa na karatasi mbili za saa tatu kila moja. Katika karatasi ya kwanza, ya hisabati tupu (Pure Mathematics), zilikuwamo namba changamano pamoja na kanuni ya De Moivre, induksheni, Maclaurin, milinganyo ya kalkulasi, parabola, duaradufu na haipabola. Katika ya pili, takwimu na uwezekano, umakanika, na mbinu za kukadiria majibu kama ile ya Newton na Raphson. Mtoto wa Jinja au Arua aliyeimudu silabasi hiyo alisoma ndani ya somo moja mambo ambayo mwenzake wa Uingereza huyalipia kwa somo la pili. Mzazi anayeona kwamba shule zetu zinatoa hisabati hafifu inayohitaji kuongezewa nguvu kutoka nje hajaifungua karatasi hiyo.

Kinachokosekana kwetu si mada. Kinachokosekana ni tabia ya kuuliza kwa nini, na hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa kijana kabla ya kumshauri mzazi lolote. Huwa ninampa swali moja. Achukue namba nzima yoyote, aipeleke kwenye kipeo cha tatu, kisha atoe namba yenyewe. Akianza na 2 atapata 6. Akianza na 3 atapata 24. 4 itampa 60, na 5 itampa 120. Zote zinagawanyika kwa 6. Je, itakuwa hivyo daima? Wapo wanaojaribu namba kumi, wakaridhika, na hao mara nyingi ndio wenye alama za juu darasani. Yupo anayetulia, akaandika n³ − n kama (n − 1) × n × (n + 1), akagundua kwamba hizo ni namba tatu zinazofuatana, kwa hiyo miongoni mwao ipo angalau moja ya shufwa, na ipo moja inayogawanyika kwa 3. Huyo nampa swali la pili: kwa nini n⁵ − n hugawanyika kwa 30 daima? Vile vigawo vitatu vinarudi, na kinachobaki ni n² + 1, ambacho hakionekani kuwa na msaada wowote, mpaka mtoto aone kwamba anaweza kukiandika kama (n² − 4) + 5. Hapo namba tano zinazofuatana zinajitokeza upande mmoja, na mara tano ya namba tatu zinazofuatana upande wa pili. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mada asiyoijua mwanafunzi wa kidato cha tatu, na bado inamdai fikra kuliko ukurasa mzima wa mazoezi ya kalkulasi.

Kwa mtoto anayefurahia swali kama hilo, ninapendekeza mashindano ya hisabati yanayoandaliwa na Chama cha Hisabati cha Uganda. Uganda hupeleka timu hadi Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, na maswali ya olimpiadi hayadai kalkulasi: hutoka katika aljebra, jiometria, nadharia ya namba na sanaa ya kuhesabu mipangilio, mambo ambayo silabasi zetu huyapita haraka au huyaruka kabisa. Tovuti ya NRICH ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina maswali ya namna hii bila malipo. Na tafadhali, mzazi, usimfikirie kijana wa kiume peke yake. Mabinti wanaoweza kulijibu lile swali la 30 wapo katika madarasa yetu, ila ni nadra mzazi kuja kuniuliza habari zao.

Wapo ninaowaambia wausajili mtihani huo bila kusita. Anayesoma shule ya kimataifa ambako Hisabati ya Ziada imo katika ratiba ya kawaida, na ana mwalimu wake, na aufanye. Anayelenga kusoma shahada ya hisabati Uingereza ni lazima ajue mapema masharti ya huko: Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mfano, kwa kawaida huwapa waombaji wa hisabati nafasi kwa sharti la kufaulu mtihani wa STEP, ambao maswali yake ni marefu na hayana njia iliyozoeleka. Wengine wote, bora waulizwe kwanza nani atawafundisha. Nilikuwa katika shule moja ambako darasa zima la mkondo wa kwanza liliandikishwa somo la ziada kwa ajili ya sifa ya shule, likapewa mwalimu ambaye tayari alikuwa amelemewa na vipindi. Watoto waliopenda hisabati walianza kuikwepa, na wawili niliowategemea kabisa wakachagua kombinesheni isiyo na hisabati.

Muda unaofaa zaidi kwa kazi ya ziada ni likizo ndefu baada ya mitihani ya kidato cha nne, kabla ya kidato cha tano kuanza. Hapo mtoto hana mtihani wa kuuogopa. Aanze na polinomia na logariti, afanye maswali machache kila siku na kuandika hoja zake kwa sentensi kamili, kisha aingie katika kalkulasi pole pole. Mwalimu wa kidato cha tano wa shule jirani akikubali kumsahihishia daftari mara moja kwa juma, hahitaji zaidi ya hapo.