“Mlisema Itanyesha, Mbona Kwangu Haikunyesha?”

Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa kanda ya Ziwa Victoria, Kenya, na Novemba ikiingia simu yangu haitulii. Wiki jana alipiga mama mmoja wa Ahero, mkulima wa mpunga. “Mlituambia Alhamisi mvua kubwa. Nikaanua mpunga, nikalipa vijana wabebe magunia. Kwangu halikudondoka hata tone. Nyinyi mnabahatisha tu.” Maneno hayo nimeyasikia kuanzia Muhoroni hadi Bondo, na yamenichosha.

Utabiri wa siku nne au tano mbele hauzungumzii shamba lako. Unazungumzia bonde zima la Kano, lenye Ahero na Awasi, pengine kaunti tatu kwa pamoja. Tukitazama mbali hivyo tunafuata mambo makubwa: joto la Bahari ya Hindi upande wetu, upepo unaleta unyevu au unauondoa, hewa inapanda au inakandamizwa. Hayo huonekana mapema. Wingu la ngurumo lenyewe huzaliwa, hunyesha na kufa kwa saa moja hivi, na upana wake ni kilomita chache. Hakuna kompyuta inayoweza kukwambia Jumapili kwamba Alhamisi saa kumi jioni wingu litasimama juu ya Ahero na kuiruka Awasi. Alhamisi hiyohiyo Awasi mitaro ilifurika. Mama hakulijua hilo mpaka nilipomwambia.

Wengine hulalamika kwamba Jumatatu tulisema “huenda” na Jumatano tukatoa tahadhari, eti tunageuka kama kinyonga. Sababu ni hii: kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kwa mfano, huendesha hesabu ileile ya hali ya hewa kwenye kompyuta mara 51, kila mara vipimo vya kuanzia vikiguswa kidogo. Majibu yakitawanyika, ni haki kusema “huenda”. Siku zikisogea na majibu mengi yakaelekea mvua kubwa, tunapaza sauti. Kunyamaza Jumatatu kungekuibia siku mbili za kujiandaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule kila mwaka: utabiri wa siku tano ni wa kujipanga, wa asubuhi ya siku yenyewe ni wa kuamua. Ukisikia wa siku tano, tafuta turubai, zibua mtaro, ongea na vijana wa magunia. Asubuhi ya siku yenyewe sikiliza tena, ndipo uanue. Na mama yule alifanya vyema kuanua. Tahadhari zetu mara nyingi hutaja zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Milimita 20 kwenye ekari moja ni takriban lita 80,000, yaani mitungi elfu nne ya lita ishirini. Mpunga ulioanikwa hauwezi kusubiri maji hayo, na ujira wa vijana ni mdogo kuliko gunia moja lililoota.

Madai yaliyobaki ninayoyasikia ni mafupi. “Budalangi jua linawaka, mafuriko yatoke wapi?” Yatoke Cherangany na Mlima Elgon, maana huko milimani ndiko mto Nzoia, unaopita Budalangi, unakochota maji. Ukikaa Budalangi, sikiliza utabiri wa Kitale, mji ulio kati ya milima hiyo, kama wako.

“Mvua kubwa ni El Niño,” yaani joto la Bahari ya Pasifiki. Vuli ya 2019 ilitufurisha bila El Niño ya kutajika, joto lilikuwa Bahari ya Hindi, upande wetu.

La mwisho linaniumiza, kwa sababu linaua: “Ziwa limetulia jioni, basi usiku ni salama.” Ule utulivu ni upepo wa mchana unaokufa tu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka kandokando zote kuelekea ziwani, hukutana huko na kuisukuma juu hewa ya joto yenye unyevu. Dhoruba hukomaa kuelekea alfajiri, wakati mashua za omena, wale dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, ziko mbali na taa zinawaka. Nikikutana na vijana wa ufuo wa Dunga, Kisumu, wakipanga nyavu, huwauliza kama wamesikia utabiri wa usiku. Wengi wamesikia wa mchana. Tahadhari ikitaja alfajiri, mashua ilale ufukweni usiku huo, hata maji yawe laini kama kioo.