Wingi wa Feni Si Ubaridi: Dhana Potofu Kuhusu Kupoza Kompyuta ya Mezani

Mjini Tabora, Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kompyuta za steshenari huelemewa kuliko miezi mingine: feni zinavuma, programu zinajikokota, na mteja anayesubiri barua yake ichapwe anaambiwa kuwa mashine imechoka. Dawa inayotajwa haraka ni kuongeza feni, kana kwamba feni ndizo zinazozalisha ubaridi.

Ukweli ni kwamba feni huhamisha hewa tu. Chumba kikiwa na nyuzi 32 za Selsiasi, hakuna idadi ya feni itakayoishusha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, chini ya hapo. Kinachoamua ni njia ya hewa: iingie upande mmoja, ipite kwenye kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini) na prosesa, kisha itoke upande wa pili bila kurudi ndani. Kwa kasha la kawaida la kompyuta, feni mbili za mbele za kuingiza na moja ya nyuma ya kutoa hutosha kwa kazi nyingi, na kila inayoongezwa baada ya hapo huleta nafuu ndogo kuliko iliyotangulia. Feni ya kutoa hewa ikifungwa juu, karibu na mbele, inaweza hata kuidaka hewa safi kabla haijaifikia prosesa.

Wanaofuata kanuni kwamba hewa ya moto hupanda hawakosei kifizikia, ila ndani ya kasha dogo msukumo huo ni dhaifu mno mbele ya feni yoyote inayozunguka. Kilicho muhimu zaidi ni uelekeo wa feni yenyewe: nyingi huvuta kupitia uso ulio wazi na kupuliza kupitia upande wenye mikono inayoshikilia mota, na kipande cha karatasi nyepesi kikisogezwa karibu nayo huondoa ubishi.

Dhana iliyoenea kuliko zote hapa kwetu ni kuacha ubavu wa kasha wazi. Joto linaweza kushuka kweli, lakini likishuka sana, hiyo ni dalili kwamba kasha lilikuwa limenyimwa hewa tangu awali, na tatizo hilo ndilo la kutibiwa. Kwa mji wenye vumbi la kiangazi kama wetu, ubavu wazi hulikaribisha vumbi ndani, na naona hiyo ni bei kubwa mno kulipa. Afadhali hewa inayoingizwa iizidi kidogo inayotolewa, kwani hapo shinikizo la ndani huwa juu, hewa hutokea kwenye mianya, na vumbi jingi hulazimika kupitia mbele, penye chujio. Inayotolewa ikizidi, kila ufa hugeuka mlango wa vumbi. Mpango huo, hata hivyo, hudumu maadamu chujio ni safi. Likiziba, feni za mbele hushindwa kuvuta na mizani hupinduka, jambo linaloweza kutokea mapema sana kwenye duka linalopakana na barabara ya vumbi.

Wengine huamini kwamba kupuliza vumbi kwa blowa hakuna madhara. Hakuna, iwapo mapanga ya feni yameshikwa kwa kidole; yakiachwa yazunguke kupita kasi yake, beringi zinaweza kuharibika. Nalo kasha lililosukumwa hadi mgongo wake ukagusa ukuta hunyonya tena joto lake lenyewe, hata feni zikiwa mpya.